Barua ya wazi kwa viongozi wa wilaya yetu: tupeni ruhusa tukate matuta ya chumvi, mikoko itarudi yenyewe

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
na kwenu maafisa wa misitu, uvuvi, ardhi na mazingira,
Pwani ya Lindi.

YAH: RUHUSA YA KUKATA MATUTA YA MABWAWA YA CHUMVI YALIYOTELEKEZWA

Shikamooni wakubwa zetu, na poleni na majukumu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya bahasha imegoma. Barua yetu ilianzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ikapita kwa mtendaji, ikapita kata, muhtasari umeambatanishwa na mihuri yote ipo, ikagongwa "imepokelewa" na kuanzia hapo kimya. Ukienda kuulizia unaambiwa faili liko meza ya fulani, fulani yuko semina, ukirudi fulani kahamishwa na hakuna anayejua faili alimkabidhi nani. Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira cha kijiji na mwanachama wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukweni, sigombei kitu chochote na sina ugomvi na mtu. Kuna maafisa kati yenu wametusaidia mambo mengine kwa moyo kabisa na tunawaheshimu, ila kwa hili mmetuacha, na nimeona bora watu wengine wa Lindi na Mtwara wasome nao wajue kinachoendelea maana naamini haya mabwawa hayako kwetu tu.

Tunachoomba ni kidogo mno. Hatuombi hela wala miche. Tunaomba ruhusa ya kukata matuta ya mabwawa ya chumvi ambayo hayatumiki tena, ili maji ya bahari yaingie na kutoka kama zamani, basi.

Kwa asiyejua huku kwetu, ukishuka kutoka barabara ya lami kuelekea ghuba unapita mikorosho, unapita minazi, halafu ghafla nchi inakuwa nyeupe. Ukiikanyaga inavunjika, ni chumvi juu ya tope lililokauka likapasuka vipande vipande. Hapo palikuwa msitu wa mikoko. Wazee wanakutajia aina zake mstari kwa mstari, mbele kabisa kunakopigwa na mawimbi mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, ile aina yenye jina hilo hilo, pembeni ya mikondo, halafu msinzi na mkandaa, halafu mchu mpaka unagusa nchi kavu. Wakaja watu wakafyeka, wakachimba, wakainua matuta ya udongo kuzuia bahari, wakaweka milango ya mbao ya kuingizia maji ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakavuna chumvi kwa miaka. Wengine biashara ikawashinda, wengine walishafariki, wengine wameondoka tu hawajulikani waliko. Chumvi haivunwi tena ila matuta yamebaki palepale.

Naomba sasa niweke malalamiko yetu moja moja.

1. BWAWA LILILOACHWA HALIPONI KAMA TUTA BADO LIMESIMAMA

Hili naona ndilo haliingii ofisini. Tumeambiwa zaidi ya mara moja kwamba eneo "liachwe lipumzike" na asili itafanya kazi yake. Kwa shamba la bara sawa, ukiliacha pori linarudi. Mikoko haiko hivyo jamani. Mikoko inaishi kwa kupwa na kujaa, bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku, na pwani yetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa inafika mita 3 na zaidi. Maji hayo ndiyo yanayoosha chumvi kwenye udongo, ndiyo yanayoleta tope jipya, na ndiyo yanayobeba mbegu. Mbegu ya mkoko inaotea juu ya mti mama kabla haijaanguka, ndio kile kijiti kirefu cha nusu mita mnachokiona kinaning'inia, ikidondoka inasafiri na maji. Ya mchu ni ndogo kuliko korosho ghafi, inaelea, inavua ganda majini na ikigusa tope tulivu inashika. Zote mbili zinahitaji mlango wa kuingilia. Sasa bahari inakuja na mbegu, inagonga tuta, inaziacha nje, zinarundikana pale chini ya tuta zinaoza. Nimepiga picha za hizo mbegu na nimeziambatanisha kwenye barua ya kwanza.

Ndani ya tuta ndio kunazidi kuharibika. Mvua inanyesha, maji yanatuama, jua linayakausha, chumvi inabaki, mwaka unaofuata hivyo hivyo, mpaka inafika mahali hata mchu ambao unavumilia chumvi kuliko wenzake wengi hauwezi. Na kuna la chini zaidi. Tope la mikoko lina salfa na chuma ndani yake, likiwa limelowa chini ya maji halina shida yoyote, ila ukilikausha likapigwa na hewa kwa muda mrefu linatengeneza tindikali na udongo unakuwa mchachu. Kwa hiyo kila kiangazi kinachopita na tuta limesimama kazi ya kuja kuponya hapo inakuwa ngumu zaidi. Ndio maana tunakosa usingizi na hizi barua zisizojibiwa.

2. MFANO UPO, MNAWEZA KUJA KUUONA

Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024, wakati barabara ya Dar ilikatika Somanga. Mvua zile zilipasua tuta la bwawa moja linalopakana na mkondo mkubwa. Hakuna mtu aliyelikata. Maji yalitafuta njia yao ya zamani, na ukisimama juu ya kile kipande cha tuta kilichobaki unaona kabisa mkondo ulivyokuwa ukipita kabla bwawa halijachimbwa, maana umerudi mlemle na kona zake zote.

Tukawa tunapita kuangalia. Kwanza ile ngozi nyeupe ya chumvi ikaondoka, tope likawa jeusi na lile harufu lake mtu wa pwani analijua. Halafu kaa wakaja, wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa anakupungia, wakatoboa matundu kila mahali, na hayo matundu yana kazi, yanapitisha hewa na maji ndani ya udongo uliokuwa umegandamana. Wakafuata wale samaki wanaorukaruka kwenye tope. Baada ya mvua zilizofuata tukaona majani mawili mawili, mazito, ya kijani, yamejipanga kwenye kingo za mkondo na kwenye vijishimo ambako maji yanachelewa kutoka. Mchu. Hakuna aliyepanda hata mmoja. Ukiinama karibu unakuta vipande vya mbegu bado vimenata kwenye shina la baadhi yake. Leo hii mingi imefika magotini, na vile vimizizi vinavyochomoza juu kupumua vimeanza kutokea kwenye ile iliyotangulia. Kina mama wanaovua uduvi wameanza tena kuingia ule mkondo ambao kwa muda mrefu walikuwa wanaupita tu.

Bwawa la jirani liko hatua chache kutoka hapo. Udongo uleule, jua lilelile, na mvua ya Hidaya lilipigwa ileile, ila tuta lake halikupasuka. Jeupe mpaka leo, hakuna hata jani.

Na hatukuvumbua kitu. Huko Florida, Marekani, kuna mtaalamu aliitwa Roy Lewis ambaye alitumia miaka mingi ya maisha yake kufundisha jambo hili, kwamba kabla ya kupanda uliza kwanza kwa nini mikoko haioti yenyewe, ukipata kinachozuia kiondoe, na kupanda iwe hatua ya mwisho kabisa kama mbegu hazifiki. Eneo la West Lake kule kuanzia miaka ya 1980 walisawazisha kimo cha ardhi na kufungua mikondo, mikoko ikarudi kwa mbegu zilizoletwa na maji. Njia hii ina jina lake na semina zake siku hizi na baadhi yenu mmewahi kuhudhuria hizo semina, mlituambia wenyewe.

3. MICHE YA SHEREHE

Hapa naomba mnisikilize bila kukasirika. Kila Juni 5, siku ya mazingira, tunaletewa miche. Inakuja na magari, bango, fulana, spika, watoto wa shule wanatolewa darasani, miche ya mkoko inachomekwa kwenye tope tupu mbele kabisa ya bahari kwa mistari iliyonyooka, picha zinapigwa, idadi ya miche inaandikwa kwenye ripoti, wageni wanaondoka. Hakuna anayerudi kuhesabu.

Kwanza mahali penyewe. Lile tope la mbele linafunikwa na maji muda mrefu mno, kama lingekuwa linafaa kwa mikoko lingekuwa lilishaota lenyewe zamani maana mbegu zinapita hapo kila siku. Pili ni aina ya mti, upande wa mawimbi ni kwa mlilana, mkoko unataka kingo za mikondo palipotulia, ila mkoko ndio unaopandwa kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota, rahisi kuchomeka na kwenye picha inaonekana. Tatu Juni ni kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Mtu yeyote anayekwenda baharini Lindi anajua kusi la Juni lilivyo, ngalawa zenyewe zinaahirisha safari, sasa kijiti kilichochomekwa jana kitashikaje? Tukienda wiki chache baadaye tunakuta vilivyolala, vilivyozolewa, vingine vimeshikwa na vichaza mpaka vimepinda. Ufilipino ambako wamepanda hivi kwa miaka mingi na kwa hela nyingi sana, watafiti walipofuatilia walikuta iliyobaki hai kwa muda mrefu kwa kawaida ni asilimia 10 mpaka 20 tu, na sababu kubwa ni hizo hizo, mahali pasipofaa na aina isiyofaa.

Wanaoumia zaidi ni wale watoto. Wanaambiwa wamepanda msitu, wanaurudia wanakuta vijiti vikavu. Mwalimu mmoja hapa aliniuliza awaambie nini nikakosa jibu.

Sasa fikirieni, ile siku moja, mafuta ya magari peke yake pamoja na spika na soda, ingelipa mtu wa kupima kimo cha ardhi kwenye mabwawa yote ya ghuba hii.

4. TUTA LILILOPASUKA SASA LINAZIBWA

Hili ndilo lililonifanya niandike leo nisisubiri tena. Lile bwawa la Hidaya, lenye mchu unaoota, juzi tumekuta vijana wana sepeto na viroba vya mchanga wanaziba pale palipopasuka. Ukiwauliza wanasema wametumwa, eneo limepata mtu. Mtu gani, kapewa na nani, kwa kikao kipi? Mwenyekiti wa kijiji hajui. Kata hawajui. Ofisini tumejibiwa kwa mdomo kwamba "suala linashughulikiwa", bila karatasi.

Wakubwa, mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali tangu enzi za mkoloni, na sisi wanakijiji tumekuwa tukikumbushwa hilo kila mmoja wetu anapokutwa na boriti moja begani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni kama ni za kudumu au zinaweza kuathiri hifadhi ya ufukwe. Sasa hiyo sheria inayomkamata mama mwenye mzigo wa kuni inakuwaje haimuoni mtu anayefunika msitu mchanga mzima kwa viroba? Tunajua ardhi ya pwani ya Lindi imekuwa na macho mengi tangu habari za mradi wa gesi wa Likong'o zianze, na hatupingi maendeleo, lakini mtu akipewa eneo la bahari lazima kijiji kijue na lazima iwe imeandikwa.

Kama viroba vitamaliza kuziba kabla ya mvua, ile michu itakufa. Haitachukua muda, kiangazi kimoja tu.

5. ULINZI

Fupi tu hapa. BMU ziko kisheria, doria tunafanya kwa miguu na kwa ngalawa za kuazima, tunaripoti mashua zinazopakia boriti usiku, tunaripoti kuni za mikoko zinazokwenda kwenye matanuri ya chokaa, tunataja siku na mahali. Hatuletewi majibu. Waliokamatwa wanatukuta njiani wanatucheka. Vijana wetu wa doria wanaacha mmoja mmoja na siwalaumu.

Najua majibu yenu mengine kwa sababu tumeshayasikia kwenye korido, kwa hiyo niyajibu hapa hapa ili tusipoteze muda.

Mtasema chumvi ni ajira. Kweli, na hakuna aliyegusa mabwawa yanayofanya kazi, ndugu zetu wanakula hapo wakati wa kiangazi na tunataka waendelee. Sisi tunazungumzia yale ambayo hata mlango wa maji umeshaoza. Mkituonyesha bwawa moja kwenye orodha yetu ambalo limevunwa chumvi miaka ya karibuni tutalitoa siku hiyo hiyo.

Mtasema wananchi wenyewe ndio wakataji. Wapo, sibishi. Kuni, nguzo, mataruma ya mashua, watu wanakata. Lakini Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji na msimamizi wa hifadhi kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, tukapewa majukumu na sisi tukawajibika kwa maandishi, na hilo tumeliomba. Msituambie watu wa Lindi hawawezi kutunza msitu. Ni mkoa huu huu, Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao ya mpingo, na vilikuwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Wanakijiji wa kawaida kabisa, wakulima wa ufuta na mihogo, wanahesabu miti yao, wanauza kwa utaratibu, hela inaingia kijijini. Na ukivuka mpaka ukaenda Gazi, pwani ya Kenya, wana mradi wanauita Mikoko Pamoja tangu 2013, hekta 117, wanauza hewa ya kaboni na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Hao ni wavuvi kama sisi na Kiswahili chao ni hiki hiki.

Mtasema hakuna bajeti. Tuta la udongo linakatwa kwa majembe na sururu, na watu wenye majembe tunao, kijiji kizima kinalima. Kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, hatukihitaji na wala tusingependa kiingie maana kingekandamiza tope. Kinachohitaji mtaalamu ni kupima kimo ili tujue tukate wapi, maana ukikata pasipokuwa mkondo wa zamani maji yanatuama au yanakomba udongo kwa kasi. Hiyo ni siku chache za mtu mmoja mwenye kipimo. Na kama hayupo basi tutapima kwa mpira wa maji wa fundi ujenzi, ule wa bomba laini linaloonyesha usawa, ambao wajenzi wote hapa wanao.

Mtasema maji yatafika kwenye mashamba ya watu. Hoja hii naiheshimu kuliko zote kwa sababu hata mkutanoni wapo wenye minazi waliouliza hivyo na hawakukosea. Tulichokubaliana ni kuanza na mabwawa mawili ya mbele kabisa, kukata sehemu ndogo kwanza, kuangalia bamvua mbili tatu maji yanafika wapi, ndipo tuongeze. Tuta la nyuma linalopakana na mashamba haliguswi kabisa, lenyewe linabaki. Na tusisahau upande wa pili wa hili jambo, wazee hapa wanasimulia kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, na sisi tumeona cha juzi, mawimbi yakija na upepo ule kati ya bahari na minazi inatakiwa iwepo mikoko na sasa hivi hakuna kitu, ni uwanja mweupe.

Na mtasema tusubiri mradi mkubwa wa wafadhili unakuja. Tumesubiri miradi. Nchi yetu iliahidi mbele ya Afrika nzima, kupitia AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha ardhi na misitu, kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika, na Umoja wa Mataifa umeitangaza 2021 mpaka 2030 kuwa miaka kumi ya kurejesha mifumo ya ikolojia, sasa hizo hekta zitatoka wapi kama kijiji kinachotaka kurejesha zake bila kulipwa kinanyimwa hata jibu la hapana?

TUNAOMBA HAYA

Kwanza, kazi ya kuziba lile tuta isimame mara moja, leo sio kesho, mpaka kijiji kionyeshwe karatasi. Viroba vilivyokwisha wekwa viondolewe kabla ya bamvua inayofuata.

Pili, tupewe orodha ya mabwawa yote ya chumvi upande wetu wa ghuba, nani ana kibali, kibali kinaisha lini, lipi halina mwenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kujibu ombi la taarifa na ombi letu la maandishi liko kwenye faili lile lile lililopotea, nakala ninayo na nitaileta tena.

Tatu, ruhusa ya maandishi ya kukata matuta mawili ya majaribio, ikiwa na saini ya wenye mamlaka ya hifadhi ya mikoko, kwa sababu tunajua wazi kwamba kugusa eneo hilo bila ruhusa ni kosa na ndio maana mpaka leo hakuna jembe letu lililogusa. Vijana wameshataka kwenda usiku wakamalize kazi. Nimewazuia, wazee wamewazuia. Msitufanye tuonekane wajinga mbele yao kwa kufuata utaratibu.

Nne, Juni inayokuja miche isiletwe. Kama siku lazima iadhimishwe njooni na watoto wale wale wa shule tuwapeleke kwenye bwawa la Hidaya, wahesabu michu, wapime urefu, waandike kwenye madaftari yao, mwaka unaofuata wapime tena. Wageni wapige picha hapo, sisi tutafurahi sana.

Tano, mazungumzo ya makubaliano ya usimamizi wa pamoja yaanze, kijiji, BMU na wenye hifadhi tukae meza moja, kina mama wa uduvi na wa kaa wawemo maana wao ndio wanaoujua kila mkondo kwa jina na mara nyingi vikao hivi vinawaacha jikoni wanapika chai ya wajumbe.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao tumeshaomba ajenda hii iwekwe. Tunaomba afisa mmoja tu mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana afike. Aje na buti, aje wakati wa maji kupwa ili tutembee naye kwenye mabwawa yote mawili, lililopasuka na lile la jirani, kabla ya kuingia mkutanoni. Ngalawa ya kumvusha ipo, akitutumia ujumbe siku moja kabla inatosha. Asipofika mtu ndani ya zile siku 30, barua hii pamoja na picha na nakala zote zenye mihuri tutazipeleka mkoani na wizarani, na tutawaarifu siku tunayozipeleka.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, kikundi cha mazingira cha kijiji
kwa niaba ya wanachama na kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji
Pwani ya Lindi

Nakala:
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji
Mwenyekiti wa BMU
Mwalimu Mkuu, shule ya msingi ya kijiji
Ubao wa matangazo, sokoni na kivukoni